Nyanya Waliyemzika Akiwa Ameketi

Watu wengi Nairobi walimsifu dada yangu, na karibu wote walimsifu kwa uongo. Miaka imepita, lakini nikiusikia uongo ule bado damu inanichemka, na sioni sababu ya kuipoza.

Dada yangu mkubwa alikuwa mfinyanzi. Tulizaliwa Kabiria, pembezoni mwa Nairobi, kwenye shamba la baba, na huko kwetu hakuna aliyewahi kufinyanga hata kikombe. Nyanya yetu mzaa baba, tuliyemwita Cucu, alikuwa mwuza maziwa. Nyungu zake za kupikia alizinunua sokoni kama mwanamke mwingine yeyote, na zilipopasuka alilaani waliomuuzia. Dada alijifunza kazi chuoni, mwanzoni mwa miaka ya sitini, kwa mwalimu wa sanaa aliyemketisha mbele ya gurudumu la kuzungusha kwa mguu akamwambia asiondoke mpaka udongo utulie katikati. Udongo ulikataa. Alirudi bwenini akilia, kesho yake akaketi tena. Hivyo ndivyo alivyojifunza: kwa machozi na kurudia. Hakurithi kitu.

Alipohitimu, baba alimwachia kibanda kwenye ploti yake ya Riruta, naye akajenga tanuri la matofali nyuma yake. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya wakili Mzungu mjini, nikahamia kwake. Methali inasema mfinyanzi hulia gaeni. Kwetu haikuwa hivyo. Tulikunywa chai kwenye vikombe vyake bora, vyenye mng'ao wa kijani kibichi kama jani la mgomba lililonyeshewa. Lakini kilichompa usingizi au kumnyima usingizi kilikuwa birika. Alitaka birika ambalo ukiacha kumimina, tone la mwisho linarudi ndani, haliteremki shingoni na kuchafua kitambaa. Alivunja mengi kabla ya kulipata. Siku alipolipata alinimiminia vikombe vya maji kimoja baada ya kingine, akicheka peke yake, mpaka nikamwomba anionee huruma.

Mabirika hayo aliyapeleka kwa mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa na duka la sanaa katikati ya mji. Mama huyo aliligeuzageuza moja, akapiga kidole ubavuni mwake, akasema, "Hii iko mzuri sana. Lakini hii si ya Kiafrika. Mgeni nasema imetoka Ulaya."

"Mimi ni Mwafrika, na nimeitengeneza Riruta," dada akamwambia. "Sasa ni ya wapi?"

Mama yule alicheka kana kwamba ameambiwa mzaha. Alichotaka ni vyungu vya mviringo, visivyo na mng'ao, vyeusi kwa moshi. Dada hakujua kuvitengeneza. Ilibidi afundishwe na jirani yetu, mama mmoja kutoka magharibi ya nchi, ambaye alikuwa ameijua kazi hiyo tangu utotoni na ambaye hakuna mtu wa mjini aliyewahi kumuuliza habari zake. Vyungu vilipendwa. Gazeti likamsifu dada. Watu wa balozi za kigeni wakaanza kumwalika chakula. Mwishowe mwenye duka akatangaza maonyesho, na akakubali, baada ya dada kusisitiza, kwamba mabirika nayo yatakuwa mezani.

Mimi ndiye niliyemwalika Cucu. Nilitaka aone mjukuu wake akipigiwa makofi. Alikuja na gauni lake la kanisani na viatu vilivyombana, akaketi kiti cha mbele, mkoba magotini.

Nilitafuta mabirika nisiyaone. Vyungu vyeusi vilikuwa kila mahali, vimewekwa juu ya majani makavu kama mayai ya ndege. Nikainua kitambaa cha meza moja, na huko chini, sakafuni, mabirika yalikuwa yamepangwa vizuri kabisa, kama watoto waliofichwa wageni wasiwaone. Nilimtazama dada. Akanitikisia kichwa: nyamaza kwanza.

Kisha mwenye duka akasimama kuhutubu kwa Kiingereza. Cucu, ambaye hakukijua Kiingereza, alininong'oneza, "Anasema nini?" Nikawa namtafsiria. Anasema dada hakufundishwa na mtu wa shule. Anasema alikulia penye miguu ya nyanya yake, mfinyanzi mkubwa wa ukoo. Anasema nyanya huyo, marehemu, ndiye anayesema kupitia mikono ya dada.

"Marehemu nani?"

"Ni wewe, Cucu."

Alinikazia macho kwanza, ahakikishe simtanii. Halafu akainuka, akauweka mkoba kwenye kiti, akasema kwa Kiswahili ili wote wasikie, "Mimi ndiyo cucu yake! Mimi hapana kufa! Na mimi hapana jua kutengeneza nyungu. Mimi nauza maziwa!"

Unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Duka zima. Walidhani ni sehemu ya sherehe, au walielewa na wakaona inapendeza tu. Sijui ni lipi baya zaidi. Bwana mmoja mwenye kamera alimletea Cucu chungu cheusi akamwashiria akipakate apigwe picha. Cucu akanigeukia. "Mwambie huyu mtu akiondoe kitu chake kabla sijakivunja miguuni pake."

Dada naye alisema. Alisema kwa Kiingereza safi kwamba alisomea kazi yake na kwamba nyanya yake hakuwahi kufinyanga. Wakatabasamu. Mwenye duka akamshika bega na kuwaambia wageni kwamba wasanii wa kweli hawajivuni. Kisha akanijia mimi, uso umemwiva. "Wewe kwa nini naleta huyu mama bila kuuliza?"

"Nimemleta nyanya yangu," nikasema. "Ulitaka nimlete nani, maiti?"

Tulitoka. Nje barabarani Cucu alimsimamisha dada mbele ya dirisha la duka la nguo.

"Ulikuwa unajua nimekufa?"

Dada alitazama chini. "Nilijua, Cucu."

"Na ukanyamaza."

"Mara ya kwanza mwenye duka aliposema hivyo nilimkatalia. Alirudia, nikamkatalia tena. Halafu nikachoka. Nilidhani nikishapata jina, mabirika yatafuata."

"Yamefuata," Cucu akasema. "Yamefuata mpaka chini ya meza. Unafikiri sikuyaona?"

Akatangulia kituoni bila kutungoja. Dada akanigeuzia hasira yote: kwa nini nimemleta, kwa nini nimetafsiri neno kwa neno, ningekufa kama ningesema kitu kingine? Nikamwambia kwamba uongo aliunyamazia yeye, si mimi. Tuligombana pale pale, watu wakitupita, mpaka sauti zikatukauka. Sijutii neno hata moja.

Jumatatu dada alirudi dukani akachukua mabirika yake. Vyungu vyeusi aliviacha, na hakupeleka vingine. Alipanga chumba kidogo Westlands, katikati ya bucha na fundi viatu, akauza alichotaka kuuza. Wateja walikuja: walimu, wake za wachungaji, makarani, maharusi. Gazeti lile lile likaandika kwamba amepoteza asili yake. Nililichana gazeti hilo vipande, nikavitupa chooni.

Cucu hakusema naye kwa miezi mingi. Halafu siku moja alifika Westlands akaagiza jagi la maziwa. Alipopewa alilipeleka nyumbani, wiki iliyofuata akalirudisha. "Mdomo unakojoa," akasema, akaliweka mezani. Dada akatengeneza lingine. Hilo nalo lilirudishwa, kwa kosa la mkono. La tatu Cucu alikaa nalo, na tangu hapo wakaamkiana kama zamani. Msamaha haukutajwa na mtu.

Dada aliridhika, au alisema ameridhika. Mimi siwezi. Katikati ya miaka ya sabini yule wakili Mzungu niliyemfanyia kazi alikuwa ameshauza ofisi kwa mwenzetu, kijana msomi aliyezaliwa upande wetu huu huu wa mji. Asubuhi moja nilimkuta akiwaonyesha wageni chungu cheusi juu ya kabati. Akawaeleza: nyanya mfinyanzi, marehemu, mikono inayosema. Neno kwa neno.

Nilingoja wageni waondoke. "Bwana mkubwa, aliyetengeneza hicho ni dada yangu. Nyanya yetu hakuwahi kufinyanga. Na yuko hai, Kabiria. Ukitaka nitakupeleka leo."

Alikitazama chungu, akanitazama, akacheka. "Madam, tafadhali. Usiniharibie chungu changu."

Huyo hakuwa mgeni. Hakuhitaji mkalimani. Nilirudi kwenye mashine yangu nikapiga barua zake kwa nguvu, hata kila nukta ikatoboa karatasi, na hivyo hivyo, zikiwa na matundu, nikampelekea azitie sahihi.