Matuta Aliyoyatoa Baba

Kikao cha kujadili uhaba wa madarasa kilihitaji darasa, kwa hiyo watoto wa darasa la pili walitolewa nje, wakaendelea kuimba jedwali la kuzidisha kwenye ukungu. Sisi wazazi na ndugu tukaingia, tukajibana watatu watatu kwenye madawati yao, magoti yakitukaribia videvu. Nilikuwa nimepanda kutoka Mafiga, kule mjini, kuja kukaa na wazazi wangu mlimani kwa majuma machache. Mama alikuwa ameshuka mjini kuuza liki zake, vile vitunguu vya majani marefu, hivyo baba na mimi tukaenda kikaoni, maana mdogo wangu wa mwisho alikuwa mmoja wa wale walioimba nje.

Mwalimu mkuu, mtu mpole wa Kanda ya Ziwa aliyehamishiwa kwetu mwaka huo, alitueleza hali. Ada imefutwa, watoto wameongezeka, ruzuku inaishia kwenye chaki na mitihani. Michango ni ya hiari, alisema, na asiyechanga ataitwa ofisini aelezwe maana ya hiari. Halmashauri ilikuwa tayari kuleta saruji na mabati, mradi kijiji kionyeshe mahali pa kujenga. Pasipopatikana, darasa la pili watasoma zamu ya mchana na kurudi nyumbani gizani kwa njia ya korongoni.

"Nani ana eneo jirani na shule?" akauliza.

Tukatazama dari. Dari yenyewe haikuwapo, tukatazama mabati.

Baba akasimama. "Mwalimu, pale nyuma ya vyoo kuna matuta yangu ya liki na njegere. Chukueni."

Makofi yakalipuka. Mwenyekiti wa kamati ya shule, aliyezaliwa palepale na anayejua kila tuta ni la nani, alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Mwalimu mkuu hakujua jambo moja ambalo wanaume wote mle ndani walilijua. Kwetu Waluguru, shamba hufuata ukoo wa mama. Mwanamume huoa, hulima, hubeba mbolea na kusema "shamba langu" mpaka anazeeka, lakini wenye kauli ni mkewe na ndugu zake, mjomba akiwa mbele. Matuta yale mama aliachiwa na bibi. Ndiyo yaliyotusomesha, na hana mengine. Baba alikuwa ametoa, kwa moyo mweupe kabisa, kitu kisicho chake, na wenzake walinyamaza kwa adabu, na kwa raha pia, kwa kuwa ardhi haikuwa ya wake zao.

Habari zilimpokea mama njiani kabla hajafika nyumbani. Hakugomba. Alitua tenga, akanawa miguu, akamtazama baba.

"Nasikia siku hizi una ardhi."

"Nimefikiria watoto, mama."

"Umefanya vizuri. Na liki nikapande wapi, juu ya bati la darasa?"

Baba akasema chai imepoa. Kesho yake mama akampelekea mjomba, kaka yake, ujumbe.

Wiki iliyofuata kikao kikaitishwa tena, na darasa la pili wakatolewa nje tena. Mjomba alishuka kutoka kitongoji cha juu na buti zake za mpira, akapokea shikamoo za watu wote hadi za mwalimu mkuu, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia baba.

"Shemeji, umetoa vizuri sana. Sasa toa na ardhi."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, akichelewa kidogo.

"Lakini mzee," mwalimu mkuu akasema, "muhtasari umeshakwenda wilayani."

"Basi mwanangu, jengeni kwenye muhtasari."

Mama akasimama, mikono ndani ya kanga. "Mwalimu, mimi darasa silikatai. Mwanangu yuko hapo nje ananyeshewa. Nauliza tu, lile shamba la shule, la kabichi, halitoshi?"

"Lile ni la elimu ya kujitegemea, mama. Watoto wanajifunza kilimo."

"Wangu alijua kupalilia kabla hajajua kusoma. Ila hizo kabichi hajawahi kuzionja."

"Mke wa mwalimu anazionja," akasema mama mmoja wa nyuma, kwa sauti ndogo iliyowafikia wote.

Mwenyekiti akapendekeza iundwe kamati ndogo ya kuchunguza kama shamba la shule lina nafasi. Lilikuwa likionekana dirishani. Kamati ikatoka, ikalizunguka, ikarudi na taarifa kwamba lina nafasi.

Msingi ukachimbwa katikati ya kabichi, na matuta ya mama yakabaki mahali pake. Baba hakulaumiwa na mtu, na nadhani hilo ndilo lililomuuma. Akaanza kwenda mtoni kila alfajiri, akirudi na mawe ya msingi begani, huku akipita kando ya matuta bila kuyatazama. Waliomtania kwamba bado anajitolea aliwaitikia tu salamu.

Asubuhi moja nilikuwa nang'oa liki na mama alipomsimamisha baba.

"Hayo mawe umeyatoa kwa nani?"

"Mtoni."

Mama alifikiri kidogo, kana kwamba anazipitia koo zote za mlimani moja moja.

"Basi peleka," akasema. "Ukirudi, chai iko mekoni."