Njoo na Mzazi Wako

Nina wajukuu, nina mvi mpaka kwenye nyusi, nimelitumikia jeshi mpaka nikafika usajini, na bado kuna siku niliambiwa mbele ya darasa zima nikamlete mzazi. Hiyo peke yake ni aibu ya kumtosha mtu, lakini mimi sikutosheka nayo, nikaongeza ya kwangu: nikamuua mama yangu. Msikimbie, nilimuua kwa mdomo tu, na hivi ninavyoandika yuko kwake Sengerema, ng'ambo ya ziwa, ana meno machache na maneno mengi. Ila siku alipofufuka, ndugu zangu, nilitamani tubadilishane, mimi ndiye niwe kaburini.

Ngoja nianze vizuri, maana mke wangu husema mimi nikisimulia kitu naanzia mkiani.

Sisi wastaafu wa jeshi tuna mfuko wetu hapa, na mfuko ule una jambo moja zuri: mstaafu akitaka kurudi shule analipiwa ada, anapewa daftari, kalamu, mpaka lile sweta la bluu. Wenzangu wengi walichagua udereva na kuchomelea vyuma, mambo ya maana. Mimi nikasema nataka sekondari. Niliishia darasa la saba nikaingia jeshini, na huko nimejifunza mengi (naweza kuwasha moto kwenye mvua, na naweza kulala nimesimama, jambo lililokuja kunifaa sana kwenye somo la Jiografia), lakini mama yangu alizaa watoto wengi na hakuna hata mmoja aliyefika kidato cha kwanza, na kila mtoto wa jirani akipita na sare ya sekondari mama alikuwa anamsindikiza kwa macho mpaka anapotelea kwenye kona. Kwa hiyo nilipompigia kumwambia nimeandikishwa, alinyamaza, nikadhani mtandao umekata, kumbe alishatoka nje kutangaza. Jumapili akasimama kanisani kutoa shukrani. Padre akauliza huyo mtoto ana umri gani, mama akasema, "Ni wa kwanza kuzaliwa," akakaa.

Sharti la mfuko ni moja tu, nidhamu. Shule ikikufukuza, mfuko nao unakuaga, na hakuna kuandikishwa tena. Hilo mlishike, maana ndilo lililonitia wazimu.

Shule yenyewe iko Butimba, ni kituo kidogo cha watu wazima, tunaingia mchana watu wakishamaliza shughuli zao. Darasani kuna vijana wa bodaboda, fundi cherehani, dada wa saluni, Salome anayeuza chakula kwenye kibanda chake, na mimi. Mkuu wa kituo ni Mwalimu Neema, binti mdogo kuliko kitindamimba wangu, mwembamba, sauti ya chini, lakini akikutazama juu ya miwani unajikuta unakagua vifungo vya shati. Kwake ukishapita getini wewe ni mwanafunzi, uwe babu, uwe nani. Unasimama akiingia, simu unaiacha mezani kwake, na zamu yako ikifika unafuta ubao.

Sasa kuna kitu kinaitwa aljebra. Sijui nani aliwaza kuchanganya herufi na namba kwenye chungu kimoja kama makande, lakini siku ya jaribio niliitazama karatasi ile, nayo ikanitazama, tukaona hatujuani. Na upepo wa ziwa siku hiyo ulikuwa na ubaya wake, ulipita dirishani ukiwa na harufu ya sato wa kukaanga kutoka vibanda vya nje ya ukuta. Nikanyoosha mkono, nikaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Nyuma ya choo kuna ukuta. Kwa mtu aliyepita kwenye vikwazo vya jeshi, ukuta ule ni wa kuruka huku ameshika bakuli la uji na lisimwagike. Nilichosahau ni kwamba aliyepita kwenye vikwazo alikuwa kijana, na anayeruka sasa ni sawa na babu yake. Nikapanda, nikafika juu, mguu mmoja uko shule na mguu mmoja uko uraiani, na hapo msumari ukaikamata suruali, huku nyuma, mahali ambapo sitapataja.

Nikasikia sauti ya chini.

"Mzee Masanja, unaenda wapi?"

"Naangalia ziwa, mwalimu."

Ziwa halionekani kutoka pale. Madirisha yote yalikuwa yamejaa vichwa, bodaboda mmoja akapaza sauti, "Babu, nikuletee pikipiki?" na nilipojivuta kushuka kipande cha suruali kikakataa kuja na mimi.

Mwalimu Neema hakucheka. Aliniingiza darasani, akanisimamisha mbele (nikiwa nimeegemea ubao kwa sababu mnazozijua), akasema, "Jumatatu njoo na mzazi wako."

"Mzazi, mwalimu? Mimi?"

"Sheria ni moja. Salome alipotoroka alimleta mama yake, na Salome ana watoto wanne. Mzazi au mlezi. La sivyo nakurudisha kwa mfuko wako. Mama yupo?"

Nikamwona mama yangu amesimama kanisani. Nikamwona anapanda feri, amevaa kitenge chake cha Jumapili, anakuja kuambiwa kwamba mwanawe wa sekondari amekutwa amening'inia ukutani kama nguo mbichi. Mdomo wangu ukatangulia.

"Alishafariki, mwalimu."

Kama ningenyamaza hapo, labda. Lakini niliona uso wake umelegea, na mimi uso ukilegea huwa naongeza (ndiyo tabia yangu hata kwenye bei). Nikasema, "Ni hivi karibuni tu. Ndiyo maana hata nilitaka kutoka. Mawazo."

Darasa likapoa. Salome akaanza kufuta machozi kwa ncha ya kanga. Yule wa pikipiki akaja kunishika mkono kwa mikono miwili, "Nisamehe babu, nilikuwa sijui." Mwalimu akanipa pole, kisha akauliza kama nina mkubwa wangu yeyote. Nikasema ninaye kaka. Mimi, mtoto wa kwanza.

Nyumbani nikamwomba mke wangu awe mlezi. Hakuinua hata macho kutoka kwenye dagaa aliokuwa anawachambua. "Mimi nimeolewa na wewe, sikukuzaa."

Ndipo nikamwendea Koplo Bwire, Ilemela. Koplo ni mtu wa Mara, nilikuwa naye kikosini miaka mingi, ana ndevu nyeupe na kitambi cha heshima, ukimwona tu unamwona kaka mkubwa. Nikamwahidi sahani ya sato, nikamweleza mpango.

"Kazi yangu ni nini, afande?"

"Kazi yako ni kuwa kaka yangu. Mwalimu akinisema, wewe unatikisa kichwa, unasema tutamrekebisha. Na usiniite afande."

"Sawa, afande."

Tukafanya mazoezi mpaka giza likaingia, akaweza.

Jumatatu tukafika. Nje ya ofisi nikakuta darasa zima limejipanga, Salome mbele, wamebeba unga, sukari na kanga mpya, wamekuja kunipa mkono wa pole. Nikapita katikati yao nimeinamisha kichwa, wakadhani ni majonzi. Nikaweka simu yangu mezani kwa mwalimu kama kawaida, nikasimama, maana mwanafunzi anasimama na mlezi anakaa.

Shida ikaanzia kwenye kiti. Koplo hajawahi maishani mwake kukaa mimi nimesimama. Mwalimu akasema, "Karibu kiti, mzee," Koplo akanitazama. Nikamkonyeza. Akakaa kwenye ncha, kama kiti kina moto.

"Mdogo wako amekutwa juu ya ukuta wakati wa jaribio," Mwalimu akasema. "Unamwambia nini?"

Neno lilikuwa "tutamrekebisha". Moja tu. Koplo akasimama, akanigeukia, akabana visigino vikalia, kifua mbele, akaniambia, "Afande, kwa heshima zote, umefanya makosa!"

Mwalimu Neema akavua miwani. "Afande?"

"Ni jina langu la nyumbani," nikasema.

Na hapo, wapendwa, simu yangu ikaita. Masikio yangu mizinga iliyachukua zamani, kwa hiyo sauti ya simu nimeiweka mwisho kabisa, na mlio wake ni tarumbeta ya kuamshia kambi. Koplo alikakamaa tena. Mwalimu akavaa miwani, akainama, akasoma kioo, akakisoma tena, kisha akasema taratibu sana:

"Mzee Masanja. Marehemu anapiga."

Nje nikasikia mfuko wa sukari ukianguka. Koplo alivua kofia.

Mwalimu akabonyeza, akaweka sauti ya wote kusikia. Mama yangu akalipuka, "Haloo! Masanja! Umekula?"

"Mama, mimi ni mwalimu wake."

Sauti ya mama yangu ikarudi, ndogo, kama ya mtu aliyesimama mlangoni kwa wenyewe. "Shikamoo, mwalimu."

Mwalimu Neema akainuka kitini kabisa, kana kwamba mama yuko mbele yake. "Hapana, mama. Shikamoo ni ya kwako. Shikamoo."

"Wewe ni mwalimu, mwanangu. Hebu niambie, anajitahidi? Huku nimewaambia anajitahidi hapo sekondali."

Mwalimu alinitazama. Nimesimama mbele ya makamanda wakubwa na sikutetemeka, siku ile nilijikuta nakagua vifungo vya shati. Neno lake moja tu, na mfuko ungeniaga, na mama angelazimika kusimama kanisani mara ya pili.

"Ana akili, mama," akasema. "Ila ningeomba uje shuleni."

"Kesho, feri ya kwanza."

Akaja kweli, kitenge cha Jumapili, kuku mwekundu kwapani wa kumpa mwalimu. Darasa lote lilikuwa nje linasubiri kumwona mtu aliyetoka ahera kupitia kivuko cha Kamanga. Nikamkimbilia niwatangulie wenzangu, nikachelewa, Salome alishafika na kanga ile mkononi.

"Bibi, shikamoo. Hii tulikuwa tumenunua kwa ajili ya msiba."

"Marahaba. Msiba wa nani?"

"Wako, bibi."

Mama akaipokea, akaigeuza huku na huku, akaipima urefu. "Nzuri. Nitaanza kuivaa mapema." Kisha akanigeukia. "Nilikufa na nini?"

"Mama, nisamehe..."

"Nauliza. Watu wa Sengerema wataniuliza. Nilikufa na nini?"

Kwenye uongo wangu sikuwa nimefika huko. Nikapiga magoti palepale kwenye changarawe, na sweta langu la bluu, na wale vijana wa bodaboda wakageuza nyuso ukutani, mabega yanawacheza.

"Hata ugonjwa wa maana hukunipa," mama akasema. "Mwalimu, alikuwa anakimbia nini?"

"Hisabati, mama."

"Mpe sasa hivi."

Akaomba kigoda. Hakukaa ofisini, alikwenda nacho nyuma ya choo, akakiweka chini ya ukuta ule, chini kabisa ya msumari ambao bado ulikuwa na kipande cha suruali yangu, akakaa, kuku mapajani, uso umeelekea darasani. Nikaifanya ile aljebra. Kila nilipoinua kichwa nilikiona kilemba chake, nikainama tena. Sikupata alama nyingi, lakini Mwalimu Neema alisema zinatosha kuendelea, na kwa mfuko hakusema neno. (Koplo naye Mwalimu alimwandikisha wiki ileile, akisema mtu anayekubali kuwa kaka wa mtu kwa sahani ya sato anahitaji elimu haraka. Anakaa nyuma yangu, na akinakili majibu yangu anaomba kwanza, "Naruhusiwa, afande?")

Nimeapa kwamba hata nikishikwa pabaya namna gani, sitamzika tena mtu ambaye hajaniomba. Maana marehemu wangu sasa haniachi, kila jaribio la Hisabati yuko chini ya ukuta na kigoda chake, amevaa kanga ya msiba wake, na darasa limeshamzoea kiasi kwamba kila tunapotangaziwa jaribio lazima mmoja aulize kutoka nyuma, "Babu, marehemu hajambo?"

"Hajambo," nawajibu. "Kesho anavuka."