Sidii ya Mke wa Pili

Wino mbichi ndio uliotujulisha kwamba albamu ya mama mdogo imeiva. Majalada yaliletwa Rangwe yamefungwa kwa kamba ya katani, yakanuka hadi jikoni, na katika kila moja uso wake ulitazama pembeni kama mtu aliyeitwa ghafla. Alikuwa mke wa pili wa baba, mwimbaji wa soul kwa Kijaluo, mwenye sauti nzito, ya taratibu, iliyowafanya watu wa sokoni washushe mizigo. Sidii yenyewe ilikuwa moja tu, kutoka studio ya Homa Bay, na ingepelekwa kunakiliwa Ijumaa. Lakini kwetu mke mkubwa, mikayi, hupanda kwanza na huvuna kwanza. Mama yangu, mikayi wa boma, aliimba kwaya tu. "Mwenzangu," alimwambia akitabasamu, "hapa jembe la kwanza kugusa udongo ni langu. Ama nyimbo hazina mkubwa?" Mama mdogo akamjibu, "Basi imba, mikayi. Nani amekuziba mdomo?" Wakacheka wote wawili. Sikukipenda kicheko kile.

Alhamisi sidii ikatoweka, na studio ikasema kompyuta yao imeibwa. Tangu hapo tulikula tukitazamana mikono. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema baba, kisha akamshuku fundi wa studio. Mimi, mtoto wa miaka tisa, nilimchunguza mama: alivyonikataza kufagia chumbani mwake, alivyoimba chinichini wimbo usio wa kanisani. Sidii niliikuta ndani ya gunia lake la mbegu za mahindi, imefungwa kwa leso yake ya kwaya. Nikaifunika. Mama mdogo aliponiuliza, "Nyathina, mwanangu, hujaona kitu?" nilisema sijaona, macho yangu miguuni pake. Mvua zilipofika gunia likafunguliwa, sidii haikuwemo.

Mama mdogo alirekodi upya nilipokuwa sekondari, mchwa wakiwa wameshayala majalada. Wasikilizaji huisifu sauti ile iliyochoka, wakidhani ni ufundi. Siku hizi kijana wa Rangwe hutoa wimbo kwa kidole kwenye simu kabla chai yake haijapoa, wala haulizi zamu ni ya nani.

Mwaka jana, baada ya kumzika mama, nilimweleza mama mdogo yote. Hakuacha kuchambua maharagwe.

"Mwizi nilimjua siku ileile," alisema. "Miaka yote ile, hadi ulipoingia sekondari, sikurudi studio kwa sababu nilikuwa nakungoja wewe useme."