Nduru ya Cheptoo Kwenye Honi za Kanisa

Mwalimu Johana aliwahi kusimamisha mazishi. Sisemi uongo, nilikuwepo, nilikuwa upande wa alto. Jeneza lilikuwa limeshafika nusu ya kaburi, kamba mikononi mwa vijana, sisi tunaimba huku tunalia, na yeye akainua fimbo yake ya kwaya akasema, "Simama hapo! Besi mnaburuta. Turudi ubeti wa kwanza." Vijana wakabaki wameshikilia marehemu hewani, mishipa imewatoka shingoni, mpaka besi wakanyooka. Mjane mwenyewe alisema baadaye kwamba mara ya pili wimbo ulitoka vizuri zaidi.

Huyo ndiye Johana wetu. Ni mkulima wa chai, shamba lake liko kwenye mteremko nje kidogo ya Litein, na tunamwita Mwalimu ingawa hajawahi kushika chaki. Do-re-mi alijifunza shule ya msingi na hakuiacha tena. Anachuma chai akihesabu mapigo. Anakamua ng'ombe kwa mapigo. Mimi ananiita Dorcus wa Mlimani, eti nikifika noti ya juu napumua kama mtu aliyebeba kuni. Nami namheshimu, na pia nimemchukia Jumapili nyingi. Mimi ni Mjaluo wa kuzaliwa kambi ya chai, na kwetu kambini mtu aliimba alivyojisikia. Kwa Johana sauti ni kama ng'ombe: ikitoka nje ya boma, mwenyewe ajibu.

Kitu pekee alichokipenda kuliko kwaya ni binti yake Cheptoo. Huyo msichana alikuwa na sauti ya kukufanya usahau ulichokuwa unakasirikia, na haikushangaza mtu alipopata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea kuimba. Johana alitangaza jambo hilo kanisani, kwenye kituo cha maziwa, kwa kinyozi, mpaka kwa watu waliokuwa wanapita tu na mbuzi wao. Sasa miaka ikaanza kwenda. Picha zilikuja, theluji tuliiona, koti tuliliona, lakini wimbo haukuja. Na watu wana midomo.

Mdomo mkubwa kuliko yote ni wa Kiplimo, mzee wa kanisa. Siku moja tuko kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, foleni ndefu, akasema kwa sauti ya kuhubiri, "Huko Ujerumani wasichana wetu wanaosha wazee. Kuimba ni hadithi ya kutuliza wazazi. Binti ya dada yangu yuko huko, anaosha wazee, na hata yeye akipiga simu anasema anasoma."

Johana alikuwa nyuma yake. Aliinua gunia lake la majani, akaliweka begani, akarudi nalo nyumbani bila kupimwa, na majani ya siku nzima yakanyaukia jikoni. Mkewe Rodah alinieleza kwamba hata kula hakula. Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu duniani: Kiplimo asimame mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba Cheptoo ni mwimbaji.

Basi mnaweza kufikiria ilivyokuwa siku ile Cheptoo alipotuma video. Opera nzima, amerekodiwa jukwaani, yeye ndiye mkuu. Ilikuja kwa simu ya mume wangu Kepher, kwa sababu Kepher ana duka la kukodisha spika na projekta, na intaneti yake ina nguvu. Johana alifika dukani akihema.

"Usifungue," alimwambia Kepher.

"Mwalimu, si tujaribu tu kuona kama sauti iko?"

"Bibi arusi haonyeshwi watu kabla ya kanisa. Itafunguliwa Jumapili, watu wote wakiwa hapo."

"Na opera ni nini hasa?"

Johana alifikiri. "Ni kwaya yenye nguo," akasema.

Na tena akataka zile honi mbili za juu ya paa la kanisa, spika za kuita watu kwa ibada, ziunganishwe pia. Aliyekataa kuja, asikie akiwa kwake. Kepher alimtazama, akanitazama, akaunganisha.  

Jumapili mchana kanisa lilijaa mpaka dirishani. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa blanketi ili picha ionekane. Johana alivaa suti ya harusi yake, nayo ilimkumbatia vibaya. Kiplimo alikaa mbele kabisa, mikono kifuani, kama mtu anayengoja kuonyeshwa risiti. Rodah alikaa karibu nami, leso mkononi.

Picha ikawaka. Tukaona jukwaa jeusi, na katikati Cheptoo wetu amesimama miguu mitupu, amevaa kitu ambacho mimi nitakiita shimizi kwa kukosa jina jingine. Kina mama wa maombi wakavuta pumzi pamoja. Rodah akasema neno moja, la kwanza na la mwisho kwa muda mrefu: "Amekonda."

Kisha muziki ukaanza, kama tutauita muziki. Mtu mmoja alikuwa anakwaruza fidla kwa mgongo wa upinde. Mwingine anagonga bomba la maji. Kepher akaruka kwenye mashine zake akaanza kuchomoa na kuchomeka nyaya, anapuliza hapa, anapangusa pale, maana alidhani spika zimekufa. Nikamvuta shati. "Kaa chini. Ndivyo ilivyo."

"Haiwezi kuwa ndivyo ilivyo," akasema, karibu kulia.

Cheptoo akaanza kuimba. Alipanda, akashuka, akakatika, akanong'ona, akacheka kidogo peke yake, akarudi. Kijerumani. Mwanamume mmoja alipita nyuma yake amebeba mlango. Mlango tu, hauna nyumba. Akaenda mpaka mwisho, akageuka, akarudi nao. Nyamwange, fundi wetu wa mbao, alivumilia mara ya kwanza na ya pili, ya tatu akashindwa. "Huyo amepiga bawaba upande usiofaa," akatangaza. "Hata akipata nyumba hautafunguka."

Watu wakacheka. Lo, kile kicheko! Kilikuwa kimekaa tumboni kinatafuta mlango, na Nyamwange akaufungua. Mtu akauliza kama hao weupe wanaotazama wamelipa kiingilio au wamefungiwa humo. Mwingine akasema labda mwenye mlango ndiye mume na wameachana. Mzee mmoja alikuwa amelala tangu fidla, anakoroma, na naapa kwamba kwa dakika chache yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mapigo ya kueleweka. Kiplimo akageuka polepole kwenye kiti, akamtazama Johana, na kwa upole wa kuumiza akasema, "Mwalimu. Hapo sasa, soprano ni wapi?"

Nilimwangalia Johana. Huyu mtu aliyesimamisha mazishi kwa ajili ya besi alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Fimbo ilikuwa mapajani. Nikasikia uchungu, jamani. Ningeweza kumpiga Kiplimo na Biblia.

Hapo ndipo Cheptoo akanyamaza. Vyombo vyote vikanyamaza. Akatupa mgongo, akasimama tu, na mwenye mlango naye akasimama. Hakuna kitu. Ukimya huo ulienda ukaenda. Sasa nyinyi hamumjui mume wangu. Mtu wa spika haogopi mvua, haogopi stima kupotea. Anaogopa ukimya katikati ya shughuli za watu. Akazungusha kitufe kimoja juu. Kimya. Akazungusha kingine. Kimya. Akazungusha vyote mpaka mwisho, na vya honi pia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini wahenga hawakuwa na spika za Kepher.

Cheptoo akageuka, akafungua mdomo, akapiga nduru.

Mungu wangu. Siyo noti. Ilikuwa nduru kamili ya mama aliyekosa mtoto, ndefu, inapasuka katikati, halafu inapanda tena. Mabati yalitetemeka. Blanketi moja likaanguka dirishani. Kina mama wa maombi walisimama wote, "Shindwe! Shindwe!" Mzee aliyelala aliamka akiwa tayari amefika mlangoni. Na kule juu ya paa zile honi mbili zikachukua nduru hiyo zikaitandaza juu ya chai yote, ng'ambo ya mto, mpaka vilima vya pili.

Sasa kwa Wakipsigis, wenyeji wa vilima hivi, nduru si mchezo. Ukipiga, kilima kizima kinakuja, hakuna cha kuuliza kwanza. Labda ni wezi wa ng'ombe, labda nyumba inaungua, utajua ukifika. Na aliyepiga ana wajibu wake: lazima asimame aseme shida yake, na waliokuja hawaondoki mpaka waisikie. Mimi nimeishi nao maisha yangu yote na sijawahi kuona sheria hiyo ikivunjwa.

Tulisikia miguu kabla hatujawaona. Kepher alikuwa amesimamisha video na kuzima honi. Wanaume walikuwa wanatoka kwenye chai kama siafu, rungu mkononi, mwingine upinde, mwingine ndoo ya maji, mwingine taulo kiunoni na povu kichwani. Wa kwanza kuingia alikuwa Kipkurui, mzee wa mtaa wa ng'ambo, mtu mkubwa wa maneno machache. Rungu kulia, kushoto mkebe wa kukamulia, nusu ya maziwa yamemwagikia suruali.

"Nani amelia?" akauliza.

Tukaelekeza vidole kwenye kitambaa cheupe ukutani, ambapo Cheptoo alikuwa amesimama mdomo wazi, picha imeganda.

Kipkurui alisogea karibu na kitambaa. "Huyo ni Cheptoo wa Johana."

Kiplimo akaona nafasi yake. "Ni sinema tu, mzee. Samahani kwa usumbufu. Mwalimu anatuambia eti huko ndiko kuimba. Si hata wewe unaona huyo si mwimbaji?"

"Mwimbaji mimi namsikiliza nikiwa nimekaa," Kipkurui akasema. "Huyu amenitoa kwa ng'ombe." Akaweka mkebe chini. "Na mimi nimekuja mbio na miguu hii. Wote hawa wamekuja. Aliyelia aseme shida yake."

"Lakini yuko Ujerumani!"

"Si kuna simu?"

Johana alitoa simu mfukoni kama mtu aliyeagizwa na polisi. Akapiga. Kepher, kwa mazoea tu, akasogeza maikrofoni karibu, na sauti ya Cheptoo ikajaa kanisa.

"Baba! Mmeona? Wamesema nini?"

Johana alifungua mdomo, lakini Kipkurui akamtangulia. "Mtoto wangu, ni Kipkurui wa ng'ambo. Tumesikia nduru yako. Tumekuja."

"Mmekuja wapi?"

"Hapa kanisani. Na rungu. Wengine na maji."

Kisha akacheka, Cheptoo wetu yule yule, kicheko cha kukatika. "Hiyo ni sehemu ya wimbo, baba. Mama amepoteza mtoto mjini, analia, na watu wanampita tu. Nimeipiga hiyo nduru huku usiku mwingi. Watu wanakaa. Wengine wanakohoa. Mwisho wanapiga makofi." Sauti yake ikashuka. "Hakuna mtu amewahi kusimama."

"Wimbo nimeelewa," Kipkurui akasema. "Sasa nakuuliza wewe. Nduru hiyo haikutoka kwa karatasi. Shida yako ni nini?"

Kwenye spika tulisikia pua ikivutwa, halafu kilio cha kweli, kidogo, cha mtu anayejaribu asisikike. Rodah alisimama. Johana akasukuma kando ile maikrofoni ya Kepher, akaweka simu sikioni, akatoka nje na suti yake ya harusi, akaingia katikati ya chai.

Hakuna aliyeondoka. Yule wa povu alijipangusa kwa taulo lake. Maziwa ya Kipkurui yaliingia nzi. Kiplimo alianza kusema kitu, nikamwambia, "Mzee, nakuomba kwa jina la Yesu, nyamaza," na alinyamaza.

Johana aliporudi suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini. Alisimama mbele, pale anaposimama kila Jumapili, lakini fimbo ilikuwa imebaki kwenye kiti.

"Anaimba usiku," akasema. "Mchana anaosha wazee, kwa sababu kuimba peke yake hakumlishi. Alinificha kwa sababu alijua mimi ni mtu wa namna gani. Anaishi chumba kimoja na hana mtu wa kuongea naye lugha yake. Hiyo ndiyo shida."

Nilimtazama Kiplimo. Alikuwa ameshinda, kumbe, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepewa kitu cha moto akishike.

"Tumesikia," Kipkurui akasema, kama inavyotakiwa.

"Tumesikia," wakaitika wale wa rungu, na wa ndoo, na kina mama wa maombi, na sisi kwaya, besi wanaburuta, mimi natweta, kila mtu kwa sauti yake. Kiplimo alichelewa kidogo, lakini alisema.

Johana hakumsahihisha mtu. Alikuwa ameinua mkono wenye simu juu kabisa, kuelekea kwetu, na simu ilikuwa bado haijakatwa.