Wafu Ambao Meli Haikuwaandika

Baba yangu mkubwa, Mahlon Dengler, aliendesha lori la maziwa katika kaunti yetu ya Berks, Pennsylvania, kwa miaka thelathini na minne. Madereva wenzake walipakia madebe wakaenda zao. Yeye akishapakia alifuta viatu, akabisha mlango wa jikoni na kuuliza kama watu wa nyumba ile wana Biblia ya wazee. Wakimletea, alifungua kurasa za katikati, pale watu walipoandika waliozaliwa na waliokufa, akanakili kila jina kwenye daftari huku maziwa yakimsubiri juani.

"Mahlon, umeshafika kwa Adamu au bado uko kwa Nuhu?" wakulima walimtania.

"Kwa Nuhu hawakunipa kahawa," alijibu, "nimerudi kwako."

Huku kwetu karibu kila mtu ni mjukuu wa Wajerumani waliovuka bahari kabla nchi hii haijawa nchi. Wazee bado wanazungumza kile Kijerumani chetu cha mashambani, ambacho Mjerumani wa Ujerumani akikisikia hucheka kwanza ndipo ajibu. Kuwajua mababu ni heshima. Lakini kwa baba mkubwa haikuwa heshima, ilikuwa njaa, na naweza kusema ilianzia wapi, kwa sababu aliyeianzisha ni baba yangu mzazi.

Bibi, mama yao, alifariki mwaka 1961. Vitu vyake vikapigwa mnada uani, kama ilivyo desturi. Baba yangu, Warren, ndiye aliyesimamia, maana Mahlon alikuwa barabarani na lori. Biblia ya familia ilikuwa kubwa kama matofali mawili, pembe zimeliwa na panya. Ndani ya jalada palibandikwa cheti cha ubatizo kilichochorwa kwa mkono na mwalimu mmoja wa zamani, kasuku wawili wekundu na maua pembeni, cha mtoto Daniel mwana wa Jacob Dengler, 1784. Huyo Jacob ndiye tuliyejua kwamba alitoka ng'ambo. Baba aliitia Biblia katika sanduku la mifuniko ya mitungi. Dalali akalinadi sanduku zima. Mahlon alipofika saa sita, mnunuzi alikuwa ameshaondoka.

"Kilikuwa kitabu kilichooza, kaka," baba alimwambia. "Nani angekisoma?"

Baba mkubwa hakumgombeza. Ingekuwa afadhali. Ila kila Krismasi, tukiwa mezani, aliweka uma chini akauliza kwa upole, "Warren, yule mnunuzi, ulisema alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mrefu. Nimekwambia mrefu. Utaniuliza mpaka lini?"

"Nilidhani labda umekumbuka."

Baba alikula haraka, akatoka kwenda kuwaona ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Kisha mwaka 1968 Elwood akauawa Vietnam. Alikuwa mtoto wao wa pekee, yeye na mama mkubwa Arlene, kijana wa miaka ishirini na mmoja, mcheshi, aliyekuwa akiwaiga majogoo mpaka majogoo wenyewe wakajibu. Baba mkubwa hakulia mbele yetu. Baada ya mazishi alinunua kabati la chuma la kuwekea mafaili, akaliweka katika chumba cha Elwood. Mbele yake hapakuwa na mtu tena, basi akageukia nyuma.

Kwa kuwa cheti kilipotea, alipita njia nyingine. Alisoma vitabu vya makanisa, wasia, hati za mashamba, na mawe ya makaburi ambayo alilazimika kuyasugua kwa chaki ili herufi zionekane. Katika orodha ya meli moja iliyotia nanga Philadelphia mwaka 1751 alimkuta Georg Dengler. Akaandika barua Ujerumani, moja baada ya nyingine, hadi mchungaji wa kijiji kiitwacho Hohlenbach akamjibu kwamba Georg Dengler alihama pale mwaka huo, na alikuwa na mtoto mdogo, Jacob, aliyebatizwa 1746. Baba mkubwa alikuja kwetu na ile barua bila kuvaa koti, na ilikuwa Januari.

"Darlene, mwanangu," aliniambia, "tumefika."

Umoja wa ukoo wa Dengler, watu kama mia mbili wanaokutana kila Agosti, ukachangia jiwe la granite. Likasimikwa mbele ya kanisa letu mwaka 1983, likiwa na jina la Hohlenbach kwa herufi za shaba, na baba mkubwa akatoa hotuba. Miaka miwili baadaye yeye na Arlene wakasafiri kwenda huko. Arlene alinisimulia kwamba mumewe aliingia katika lile kanisa dogo, akaweka mikono miwili kwenye jiwe la ubatizo, akalia kwa sauti mpaka mfagiaji akamletea kiti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia tangu Elwood.

Miaka yote hiyo hakuacha kuweka tangazo lake katika gazeti akiulizia cheti chenye kasuku wawili. Mwaka 1991 mwanamke mmoja akapiga simu kutoka kaunti ya Lancaster. Aliitwa Thelma Haverstick, mjane. Marehemu mumewe alikuwa mkusanyaji wa michoro ya kale. Baba mkubwa macho yalishaanza kumsumbua, kwa hiyo nilimwendesha mimi.

Cheti kilikuwa ukutani sebuleni, ndani ya fremu. Baba mkubwa alisimama mbele yake kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Mume wangu alikipenda kwa ajili ya hao ndege," Bi Haverstick alisema. "Kijerumani hakujua hata neno moja. Kilikuwa kimegandishwa kwenye ubao wa jalada, akakibandua kwa mvuke wa birika. Na nyuma kuna maandishi mengine. Tulidhani ni mapishi."

Alikitoa kwenye fremu, akakigeuza. Mwandiko ulikuwa mdogo, wa mtu asiyezoea kalamu. Baba mkubwa alichukua kioo chake cha kukuzia, akaanza kunisomea, akitafsiri polepole.

"Mimi ninayeitwa Jacob Dengler naandika haya yasipotee. Sikuzaliwa Dengler. Baba na mama walikufa melini kabla ya kuona nchi kavu, na dada yangu mchanga pia. Nilikuwa na miaka minne au mitano. Bandarini waliniuliza jina nikasema Hansi. Wakaniuliza jina la baba yangu, nikasema Baba. Georg Dengler, ambaye mwanawe naye alikufa njiani, alinichukua nimtumikie mpaka niwe mtu mzima, kufidia nauli ya wazazi wangu. Akaniita jina la mwanawe. Mungu anawajua walikuwa nani. Mimi siwajui."

Bi Haverstick alikuwa ameshika birika la kahawa hewani. "Kumbe si mapishi," alisema.

Jacob aliandika yasipotee, halafu mtu, labda yeye mwenyewe kwa aibu, akayabandika uso chini kwa gundi. Vizazi sita vilifungua jalada lile kila Jumapili na hakuna aliyejua. Biblia ingebaki kwetu, tusingejua hata leo.

Tulipiga picha karatasi, pande zote mbili. Mjane hakuweza kutuachia, alishaiahidi makumbusho. Tukiwa njiani, baba mkubwa akasema, "Simamisha gari, mwanangu." Alishuka akasimama ukingoni mwa shamba la mahindi, amenipa mgongo. Nilidhani anatapika. Aliporudi, alifunga mkanda taratibu.

"Kule nililia," alisema. "Umesikia? Nimekwenda kuwalilia watu wasionihusu."

"Georg alimlea, Baba mkubwa. Hilo nalo si kitu?"

"Alimpa jina la maiti. Akamfanyisha kazi miaka kumi na sita kwa sababu ya wazazi waliotupwa majini. Endesha."

Agosti tulikutana kama kawaida, kwenye banda la kanisa, masufuria ya supu ya kuku na mahindi yakifuka. Baba mkubwa aliomba nafasi, akasoma tafsiri yake tangu mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza, kilichosikika ni watoto wakicheza mpira. Mwenyekiti wetu, Clayton Dengler, muuza matrekta, alikuwa mtu mwema anayependa mambo yaende.

"Mahlon," alisema, "lile jiwe lina tani mbili. Nani atalibeba?"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Walicheka kwa sababu walikuwa wameogopa.

"Sizungumzii kulibeba," baba mkubwa alisema. "Nasema lina uongo. Nimewadanganya, naomba liandikwe katika kumbukumbu za kikao."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia Hohlenbach! Mwaka jana nimempeleka mke wangu, tumepiga picha na meya. Sasa nikamwambie meya kwamba sisi ni watoto wa Baba?"

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa zaidi. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Kaa ule, Mahlon, supu inapoa!" Wakapiga kura, na tafsiri haikuingizwa katika kumbukumbu. Baba yangu, Warren, aliketi mezani pale pale. Mkono wake haukunyooka upande wowote.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Aliyenyang'anywa asili akiwa na miaka minne hawakumwachia neno.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi, maana hakukata tamaa mara moja. Alirudi kwenye orodha ya ile meli. Lakini waliokuwa wakiandikwa bandarini ni wanaume wa miaka kumi na sita kwenda juu tu, wale waliopangwa foleni kumwapia utii mfalme wa Uingereza. Wanawake hawakuandikwa, watoto hawakuandikwa, na waliokufa njiani ndio kabisa. Alipitia majina yale kwa majira mawili ya baridi, akijua kwamba anaowatafuta ndio hasa wasiomo. Aliandika barua kwa parokia arobaini na moja za kule Ujerumani. Jibu moja alinionyesha. Lilikuwa la adabu sana. "Mheshimiwa Bwana Dengler, tutafurahi kukusaidia. Tunaomba tu utujulishe tutafute jina gani."

Arlene alimvumilia mpaka siku moja ya Novemba. Nilikuwa jikoni kwao, nimewaletea siki ya tufaha. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha Elwood, aproni imelowa.

"Mahlon, hujaenda makaburini tangu Pasaka."

"Nitakwenda."

"Unamtafuta mtoto wa watu aliyekufa miaka mia mbili iliyopita, jina hulijui. Kuna mmoja amelala kule juu, jina lake unalijua. Nililichagua mimi."

Baba mkubwa alivua miwani. Aliangalia kabati, akaangalia dirisha, akakosa pa kuangalia.

"Yule siwezi, Arlene," alisema. "Yule siwezi kabisa."

Mama mkubwa aliniomba nimpeleke yeye peke yake, nami nikampeleka. Baridi ile ile alishikwa na kichomi akafariki. Baba mkubwa akazika mke pembeni ya mwana, akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakulifungua lile kabati. Barua zilizokuja kutoka Ujerumani alizirundika juu yake bila kuzifungua. Nilizifungua mimi baadaye. Zote zilikuwa zinauliza jina.

Miaka yake miwili ya mwisho aliishi katika nyumba ya wazee. Wauguzi walimpenda, hakuwa msumbufu. Nilikwenda kila Alhamisi. Siku moja kulikuwa na muuguzi mgeni akijaza fomu, akamuuliza jina lake kamili.

"Wananiita Mahlon," alijibu.

"Na jina la ukoo, mzee?"

Alimtazama yule binti kwa muda mrefu, si kwa hasira. Halafu akaugeuzia uso ukuta. Nikalitaja mimi.

Alifariki Machi 1997. Kanisani mchungaji, kijana aliyehamia kwetu hivi karibuni, alisema marehemu ndiye aliyeturudisha kwenye chimbuko letu la Hohlenbach. Clayton alitikisa kichwa kukubali, macho yamejaa machozi ya kweli. Mimi nilikuwa mstari wa pili. Ningeweza kusimama. Nilikaa.

Jioni ile baba alikuja nyumbani kwangu, bado amevaa suti ya mazishi. Alikuwa na miaka sabini na tatu. Alikaa kwenye kochi bila kuegemea.

"Ile karatasi," alisema. "Isome tena. Kule bandani sikusikia vizuri."

Nilijua alisikia. Nikaleta picha ya upande wa nyuma, na tafsiri kwa mwandiko wa kaka yake, nikasoma neno kwa neno. Nilipofika pale mtoto aliposema Baba, alinyanyua kiganja, nikanyamaza. Baada ya muda akanionyesha ishara niendelee, nikamaliza.

"Alijua nilikuwa namkwepa," baba alisema. "Kila Krismasi."

"Alijua."

"Na mnunuzi sikumwona, Darlene. Nilikuwa nyuma ya ghala navuta sigara. Urefu niliubuni tu, ili aniache."

Alikaa kidogo, mikono juu ya magoti, akiitazama ile picha mezani bila kuigusa. Kisha akasema amechoka, nikamrudisha kwake. Tulipita mbele ya kanisa na hakuna kati yetu aliyelitazama lile jiwe.