Samurai Aliyekula kwa Mkono wa Kushoto

Begi langu lilikuwa tayari mlangoni. Nilikuwa nimefeli mtihani wa kuendesha trela hapa Dallas, na binamu yangu wa Sugar Land, kando ya Houston, alisema niende huko, kwenye bohari alikofanya kazi. Kuhama hakukunisumbua. Shule niliihama kabla ya kuimaliza, nikahama Eldoret, nikahama kila chumba nilichopanga.

Kilichoniangusha ni shingo. Nyumbani dereva hukaa kulia, na nikirudi nyuma nilichungulia dirisha la kulia. Texas usukani uko kushoto. Mikono ilizoea, shingo ikakataa. Nikirudisha trela nyuma, shingo inageuka kulia, natazama kiti kitupu, na koni za mtihani zinalala chini ya magurudumu.

Alasiri hiyo, nikingoja lifti ya kwenda Houston, Mkongomani niliyeishi naye aliweka kanda ya katuni za Kijapani, za samurai tuliyekuwa tukimfuatilia. Safari hii ameumia mkono wa kulia. Hakuna adui. Amehifadhiwa na mjane mmoja, na anajifunza kushika vijiti vya chakula kwa kushoto. Wali unaanguka. Anaokota. Unaanguka tena.

"Sasa huyu mutu iko anakula tu?" mwenzangu akalalamika. "Upanga iko wapi?"

"Tulia kidogo, boss."

"Eh! Wewe ulikimbia masomo, leo unasoma katuni?"

Mjane alitaka kumlisha. Samurai akatikisa kichwa, akavishika vijiti upya. Kipindi kiliisha tonge moja likiwa limefika mdomoni.

Honi ikalia nje. Nikatoka, nikamwambia yule wa lifti aende zake, Houston haihami.

Begi nikalirudisha chini ya kitanda. Jioni baada ya jioni tukawa kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kanisa letu, nikirudi nyuma na gari kuukuu la mwenzangu, yeye akiwa kiti cha kulia. Kila nikigeuka upande wake ananisukuma shavu.

"Unaniangalia nini? Mimi si muchumba yako!"

Nilipoufanya mtihani tena, shingo ilitaka kwenda kulia. Nikaikaza. Koni zikabaki zimesimama.

Houston nilifika hatimaye, na trela nyuma yangu. Kwenye bohari ya binamu niliingia kinyumenyume. Alikuwa amesimama kulia, akipunga mikono na kuniita kwa sauti. Sikumtazama mpaka trela ilipogusa jukwaa la kupakulia.