Penseli ya Shemeji

Shemeji, mdogo wa mke wangu, anaandika programu za kompyuta kama mimi, ila yeye hubadilisha kitu kimoja tu, kisha hungoja aone. Penseli haimtoki sikioni. Vidole vyake ni vinene, lakini hugusa kibodi kama anayepapasa tunda kujua iwapo limeiva. Utulivu huo nimeuonea wivu miaka mingi. Jana asubuhi printa yetu ilikataa kuchapa vizuri barua ya binti yangu ya kuomba chuo, nayo ilitakiwa ifike kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa nimeizima, nimeiwasha, nimeipiga makofi, nimevuruga mipangilio yote kwa mkupuo mmoja. Shemeji akaja, akaweka sikio kwenye kifuniko. Kila karatasi iliyotoka na michirizi aliiandikia kwa penseli alichobadili, akachapa nyingine.

“Baba, wewe unaigombeza,” binti yangu akasema. “Mjomba anaibembeleza.”

Mke wangu akacheka kicheko ambacho kwangu kimeadimika. Karatasi ya saba ikatoka safi, binti akaondoka nayo mbio.

“Kumbe ilikuwa na nini?” mke wangu akamuuliza.

“Sijui, dada. Hii ya mwisho sikubadili kitu.”

Alilisema kama mtu anayetaja saa, huku akifuta wino vidoleni, na dada yake akazidi kumtazama kwa fahari. Mimi, ili nitazamwe hivyo, ningebuni sababu palepale, na wote wangeniamini.